Dawa ya Kasumba

Pale Changamwe, ukishavuka reli na kuziacha nyumba za wafanyakazi wa treni mkono wa kushoto, kulikuwa na kijiwe kilichoitwa Taruma, kwa sababu benchi lake lilikuwa taruma moja la reli, gogo la kulalia vyuma, lililozeeka likatolewa kazini, likalazwa juu ya mawe mawili. Aliyelileta hakutajwa, na msimamizi wa reli aliyepita hapo kila siku alikuwa na adabu ya kutolitazama. Vita vya Hitla vilikuwa vimekwisha mwaka uliotangulia, sukari ilikuwa bado inagawiwa kwa kipimo, lakini kahawa ya Babu haikujua sukari tangu zamani. Babu alikuwa Mswahili wa Jomvu, mzaliwa wa wazaliwa. Aliuza kahawa na alisahihisha Kiswahili cha watu, na hii kazi ya pili aliifanya bure. Ukisema “kikombe yangu” mbele yake, hukipati mpaka useme upya. Wateja wake wa alasiri walijulikana. Justus, karani wa kuhesabu magunia bandarini, aliitwa Kengele, kwanza kwa kuwa kwao ni Frere Town kwenye kengele ya misheni, na pili kwa ajili ya sauti yake. Nguma, mgema wa Miritini, aliitwa Jaji, maana hakukosa kesi barazani kwa mudiri wa serikali, ingawa hakuna hata moja iliyomhusu. Wafula, mtu wa bara, mtia makaa wa garimoshi, aliitwa Makaa. Na Randu, aliyeendesha winchi huko Kilindini, aliitwa Winchi, lakini si siku aliyokasirika. Siku hiyo walimwita Randu.

Alikuja amekunja uso, asimwamkie mtu. Aliketi mwisho wa taruma, penye jua, na mkono wake wa kulia haukutoka mfukoni.

— Salamu ni ya Mungu, Babu akasema bila kuinua macho. Mtu huamkia kwanza, kisha ndipo hukasirika.

— Shikamoo, Babu.

— Marahaba. Haya, kasirika.

Randu akautoa mkono. Kiganjani alikuwa na chupa ndogo ya kahawia, imezibwa kwa gunzi la muhindi, na ndani yake ilibaki dawa ya kumeza mara moja tu.

— Hii ndiyo iliyosalia, akasema. Na leo asubuhi Dakitari Elkana ameniambia chupa hazifai tena. Ati maradhi yamekimbilia mifupani. Yuwataka nichukue galani nzima, dozi ya kung’oa mzizi. Na bei ya galani hiyo ni minazi ya baba.

— Minazi mingapi? akauliza Jaji.

— Wewe ndiwe uipandaye kila siku, waniuliza mimi? Yote. Naiweka rahani kwa mwenye duka pale Miritini, pesa nampelekea dakitari. Jua likizama nangojewa nikatie kidole kwenye hati.

Hapo kila mtu akashusha kikombe. Minazi ile ndiyo iliyomlisha Mbeyu, mama yake Randu, aliyebaki mjane huko Miritini. Alisuka makuti yake, aliuza nazi zake, na Jaji aliyeigema alimpelekea fungu lake la tembo kila Jumamosi. Minazi ikienda rahani Mbeyu hana riziki, na tuseme kweli, Jaji naye hana kazi. Lakini dawa isiponunuliwa, Karisa atarudi kule alikotoka, na kule alikotoka hakuna aliyetaka kukukumbuka.

Karisa alikuwa mdogo wake Randu. Alichukuliwa Keya, jeshi la Waingereza, akapelekwa Bama kupigana na Wajapani, akapigwa risasi ya paja. Maumivu yalipomzidi alipewa kasumba, yaani afyuni, imtulize. Paja likapona, kasumba ikabaki. Alirudi na koti la jeshi, nishani moja, na maradhi ya kutoka jasho na kutetemeka kila alipoikosa. Koti lilikwenda kwa mabaharia waliomuuzia, nishani ikalifuata koti, kisha zikaanza kupotea sufuria za mama. Randu alimpiga. Alimfunga kamba kwenye nguzo ya nyumba, akamfungua mwenyewe huku akilia, akampiga tena. Ndipo Kengele, katika kupita Miritini kwenda kwa shemeji yake, alipoona kibao cha herufi nyekundu mlangoni kwa Elkana, dresa mmoja, mfunga vidonda aliyetoka jeshini akaanza kujiita daktari. Kibao kilisema: DAWA YA KASUMBA.

— Na dawa si inafanya kazi? Kengele akasema kwa sauti iliyofika stesheni. Yeye ndiye aliyekisoma kibao, kwa hiyo aliitetea dawa ile utadhani aliipika mwenyewe. Karisa si ameacha kutetemeka? Si anakula? Juzi nilimwona anacheka na watu.

— Akinywa, anacheka. Ikichelewa kidogo, jasho lile lile. Kulala hakuna, anajikunja sakafuni, analia kama mtoto wa ziwa la mama.

— Hiyo ni dawa inayatafuta maradhi. Haba na haba hujaza kibaba, Randu. Ulianza na kijiko, ukaja chupa, sasa galani. Unakwenda mbele.

— Nani anayekwenda mbele? Mimi? Nashinda kwenye winchi kutwa nzima navuta mizigo ya watu, mshahara unanifikia umekwisha kutafunwa. Shati ni hili hili tangu Krismasi ile. Nimechoka, Kengele. Nimechoka mpaka namchukia mtu niliyenyonya naye titi moja.

Alilisema mbele ya watu, na baada ya kulisema hakuona haya. Aliona nafuu, na nafuu hiyo ikamkasirisha zaidi.

— Dakitari mwenyewe yuwasemaje? akauliza Babu.

— Neno moja kila siku. Namuuliza mbona haponi, ananijibu, “Bwana Randu, dawa ya moto ni moto.” Anajaza chupa, anapokea pesa.

Babu akatikisa kichwa kwa kuridhika.

— Maneno ya mtu mzima hayo. Yana Kiswahili ndani yake.

Jaji alikuwa akingoja nafasi. Alijikohoza kama walivyojikohoza wazee wa baraza kwa mudiri, akainua kidole.

— Nisikizani. Kesi hii nyepesi. Mtu akishindwa na kitu, dawa yake ni kiapo. Tumpeleke Karisa kwa wazee wa kaya kule Rabai. Malipo yake mbuzi na kitambaa cheusi, basi. Anakula kiapo, na siku atakayoigusa kasumba tena, tumbo linafura, anakufa.

— Anakufa? Randu akauliza.

— Hafiki magharibi.

— Sasa mimi nitakuwa nimemponya au nimemzika?

— Kasumba itakuwa imekwisha. Kesi ni ya kasumba, si ya Karisa. Usichanganye kesi.

Randu aliinuka nusu. Wafula akamshika bega, akamkalisha.

— Mambo ya giza hayo, Kengele akasema. Sisi Frere Town tuna njia ya nuru. Jumapili unamsimamisha mbele ya kanisa, anaungama, anaahidi, anafungwa utepe wa buluu hapa kifuani. Walevi wangapi wameponea pale? Na hulipi kitu. Unatoa sadaka tu.

— Sadaka kiasi gani?

— Kadiri ya dhambi.

— Basi ni ile ile minazi.

— Na akiahidi akashindwa, Kengele akaendelea, maana alikuwa hajafika alikotaka kufika, tunamlaza chini ya kengele yenyewe. Msicheke. Kengele ile iliwekwa kuwaonya wazee wetu wakati majahazi ya wauza watumwa yakionekana. Na kasumba ni utumwa, au si utumwa? Basi igongwe. Mtetemo unashuka utosini, unapita uti wa mgongo, kasumba inashikwa na kizunguzungu, inatokea puani.

— Itatokea puani na ubongo, Babu akasema.

— Babu, penye nia pana njia.

— Pua si njia, Justus.

Wafula alikuwa amekunywa kahawa yake kimya. Jioni ile gari lake lilikuwa liondoke kwenda bara, na siku za safari hakupenda kusema sana. Lakini kijiwe kina mvuto wake.

— Mimi nasema hivi, akasema. Tia yeye kwa gari.

— Mtie garini, Babu akasahihisha.

— Mutie garini. Kasumba iko kitu ya bahari. Imekuja na meli. Hapana jua mlima. Gari ikipanda Mazeras, inaanza choka. Ikifika Voi, inakohoa. Nairobi kwa baridi, inakufa yenyewe. Na yeye anatia makaa na mimi mpaka kule. Hapana lipa hata tikiti. Jasho inatoka, kasumba inatoka na jasho.

— Jasho linatoka.

— Hata linatoka, Babu, mradi itoke.

— Karisa ana mguu mmoja na nusu, Randu akasema. Hawezi kusimama mbele ya sufuria, asimame mbele ya tanuri la garimoshi?

— Basi aketi. Atie akiketi.

Babu alimimina duru ya pili, na alipommiminia Wafula, Babu alicheka peke yake, mpaka ikabidi aulizwe.

— Nakumbuka mkewe, akasema. Si unajua, huyu Makaa amemleta mkewe kutoka kwao, Nafula, hata mwezi haujaisha. Akashikwa na homa. Mimi jirani mwema, nikampelekea chupa, nikamwambia, mwanangu, kunywa, hii ni dawa ya mwarobaini. Akanirudishia chupa yangu kwa mikono miwili, kwa heshima zote. Akaniambia, “Babu, mimi hapana Mwarobaini. Pelekea mwenyewe.”

Watu wakacheka mpaka taruma likayumba.

— Jana yake alinunua dawa ya panya dukani, Wafula akaeleza, naye anacheka. Akaambiwa, panya akikula, anakufa. Sasa akisikia dawa ya mwarobaini, akasema huyu Mwarobaini ni mutu gani, na amekosea Babu nini.

— Bara hakuna ngeli, Babu akasema akipangusa macho. Mtu hana ngeli, atajuaje dunia?

Randu naye alicheka. Alikuwa hajacheka siku nyingi, na kicheko kilipomtoka alikumbuka chupa iliyokuwa mkononi mwake, akaona amefanya jambo baya, kama mtu aliyecheka matangani.

— Ndiyo yenu hayo, akasema. Mimi nimeleta msiba, nyinyi mwaleta vichekesho.

— Msiba hauji peke yake, Babu akamjibu. Sikiza nikwambie la haki. Kwanza mpe kombe. Aya zinaandikwa kwa zafarani katika sahani, anaosha, anakunywa. Hiyo ndiyo dawa isiyo mzizi wala pembe.

— Sisi si Waislamu, Babu.

— Zafarani haiulizi. Lakini hata kombe litashindwa kama hamkuondoa kosa lililo kubwa zaidi. Kosa ni jina. Huyo Karisa yuwaiitaje kasumba? Kwa majina ya huko Bama, majina ya jeshi, majina ya mabaharia. Kitu hujificha nyuma ya jina bovu. Ukikiita kwa jina lake sawasawa, kila herufi ikatoka mahali pake, kinaona haya, kinaondoka. Wallahi nawaambia, nusu ya maradhi ya nchi hii ni Kiswahili kibaya. Mleteni hapa niketi naye. Nitamfundisha kuitamka.

— Atalipa nini? akauliza Kengele kwa kejeli.

— Kahawa atakayokunywa.

Jaji aliona kesi inamponyoka. Akainua kidole tena.

— Mwasumbuka bure. Tembo. Kasumba na tembo hazikai nyumba moja. Mjazeni tembo, asubuhi kibuyu, jioni kibuyu. Kasumba ikishuka tumboni ikikuta pamejaa, itakwenda wapi?

— Kwa hiyo atoke kasumba aingie ulevi, Kengele akasema. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

— Ehe. Wazee walijua. Tembo likitiwa maji ni dawa, ndiyo maana yake hiyo.

— Siyo maana yake.

— Wewe umezaliwa misheni, utaijuaje maana yake? Na hapo Randu aone mwenyewe. Akiweka minazi rahani ameuza hospitali. Hospitali anayo juu ya kichwa chake, amwaga pesa kwa chupa ya mtu.

— Wewe Jaji, Randu akasema polepole, unatetea kibuyu chako.

— Natetea mama yako.

Basi Randu akasimama. Alisimama vizuri safari hii, na Wafula hakumshika.

— Mama yangu msimtaje. Nyote. Tangu nimeketi hapa kila mtu ananifungulia hospitali, na kila hospitali ina mlango wa kuingilia, wa kutokea hakuna. Mwataka nimwue kwa kiapo. Mwataka nimgongee kengele. Mwataka nimchome kwa makaa, nimlevye, nimfundishe herufi. Yule ni mtu. Serikali ilikuja ikamchukua hapa kwetu nazi nzima, yenye maji yake, ikaenda ikaila huko ilikoila, ikaturudishia kifuu na cheti cha shukrani. Nani alikuja kuniuliza kama nina pesa za kumponya? Alipokuwa akiwapigania walimwita askari. Sasa polisi wanamwita mwizi. Na mimi kila nikipita naambiwa, Randu, mshughulikie ndugu yako. Kwani mimi ndimi niliyemtuma Bama?

Babu alikuwa ameshika dele la kahawa, akasahau kulishusha.

— Ni mtu mmoja tu, mmoja katika Mombasa nzima, aliyenipa kitu nikamwona ndugu yangu analala usingizi. Ni Elkana. Ni mwizi, najua ni mwizi, ananinyonya. Lakini nyumba ilikuwa kimya. Mama alilala. Nyinyi hamjui nyumba ikiwa kimya ni nini.

— Basi katie kidole, Kengele akasema kwa sauti ya chini, na sauti ya chini ya Kengele ilikuwa jambo la kustaajabisha. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Mimi nitakuja nikusomee hati, wasikudanganye. Kibao nimekisoma mimi, na hati nitaisoma mimi.

— Mimi siafiki, akasema Jaji. Lakini sina la kuongeza. Hata polisi wapita pale mlangoni kwa Elkana, wakakisoma kile kibao, wakamwamkia, wakaenda zao. Ingekuwa haramu, wangemwacha?

— Ukienda, nenda na mimi, Wafula akasema. Mimi nakwenda stesheni, gari inapita huko.

— Linapita, Babu akasema, lakini kwa mazoea tu.

Randu akafunga vifungo vya shati. Shauri lilikuwa limekatika, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alihisi hasira inashuka, ikiacha uchovu mahali pake. Alijua atakalomwambia mama. Angemwambia minazi itarudi, winchi itavuta, mambo yatakaa sawa.

Hapo ndipo Nafula alipofika. Alikuja na chakula cha safari cha mumewe, kimefungwa katika kitambaa, na alisimama mbali kidogo kama anavyosimama mwanamke mbele ya kijiwe cha wanaume asiowajua. Aliamkia watu wote kwa mkupuo mmoja. Wanaume waliitikia, na Jaji alijiuma mdomo asicheke, kwa ajili ya Mwarobaini.

— Njoo, mama, usiogope, Babu akamwambia. Homa imekwenda?

— Imekwenda, Babu. Nilikunywa ile umeleta tena. Ni kali, lakini imesaidia mimi.

— Imenisaidia.

— Hata wewe?

Wakacheka tena, naye akacheka nao bila kinyongo. Akampa mumewe kile kitambaa. Macho yake yakaiona chupa mkononi mwa Randu.

— Huyu naye iko na homa?

— Hapana, Wafula akamwambia. Ni ya ndugu yake. Ndugu yake iko na ugonjwa ya kasumba. Hii ni dawa ya kasumba.

Nafula aliitazama chupa. Alionekana anafikiri, na Kengele akamkonyeza Jaji kwamba ngoja sasa, burudani inakuja.

— Mimi nauliza tu, akasema. Msicheke mimi. Kiswahili ya huku bado najifunza. Hapa iko dawa ya panya, na iko dawa ya mwarobaini. Ya panya inaua panya. Ya mwarobaini, nimeambiwa, mwarobaini yenyewe ndiyo iko ndani. Sasa hii dawa ya kasumba, iko kama ya panya, ama iko kama ya mwarobaini?

Babu alifungua mdomo kumsahihisha. Neno la kwanza lilikuwa tayari kwenye ulimi. Alibaki hivyo, mdomo wazi, na Kiswahili chake chote cha Jomvu, cha wazaliwa wa wazaliwa, kisimpe hata silabi moja.

— Si kibao kimesema, Kengele akaanza.

— Kimesema nini? akauliza Randu.

— Kimesema dawa ya kasumba.

— Ndiyo. Ya nini?

— Ya kasumba, Kengele akarudia, na safari hii alijisikia mwenyewe. Akaweka kikombe chini.

— Hata polisi wamekisoma, Jaji akasema, lakini alilisema kama mtu anayejiuliza.

Randu akang’oa gunzi, akainusa chupa. Akampa Babu, Babu akainusa, akampa Jaji. Harufu ilikuwa ya mdalasini na karafuu, kali, ya kuficha chochote kile. Hakuna aliyetaka kuonja. Chupa ikarudi kwa mwenyewe. Randu alikuwa akikumbuka kijiko kilivyogeuka chupa, na chupa ilivyogeuka galani, na jasho lile lile, na yule dresa anamtazama usoni bila kupepesa na kumwambia dawa ya moto ni moto. Hakuwahi kumdanganya.

Nafula aliona watu wamebadilika nyuso, akamgeukia mumewe.

— Nimekosea wapi? akamnong’oneza.

— Hapana kosea, Wafula akamjibu.

Toka upande wa nyumba za reli alikuwa anakuja mtu anayechechemea, amechana nywele, shati safi. Elkana alikuwa amekataza mgonjwa asikae na chupa yake, kwa hiyo kila siku wakati kama huo Karisa alimfuata kaka yake popote alipo. Alimwamkia Babu shikamoo, akawaamkia na wengine mmoja mmoja. Adabu yake haikwenda vitani. Paji la uso lilikuwa limeanza kung’aa jasho.

— Kaka, wakati umefika.

— Karisa, Randu akasema. Hii ni nini?

— Si dawa?

— Dawa ya nini?

— Ya kasumba.

— Ya kuitoa, au ni yenyewe?

Karisa akatabasamu, akawatazama watu wa kijiwe mmoja mmoja akitafuta aliyeanzisha mzaha. Hakumpata. Tabasamu likamtoka.

— Ni yenyewe, kaka. Imetiwa mdalasini tu. Nilidhani wajua. Si imeandikwa mlangoni?

Babu aliinamisha dele juu ya kikombe bila sababu, na kilichotoka kilikuwa machicha.

— Mimi nilimwambia mama, Karisa akaendelea, na sauti yake ilikuwa ya upole. Nilimwambia, kaka amechoka kunipiga. Sasa ananinunulia yeye mwenyewe, nisihangaike na mabaharia. Mama akasema Mungu akuweke. Akasema hata minazi ikienda, haidhuru, maadamu wanawe wamepatana.

Alinyosha mkono kuipokea chupa. Randu hakuitoa, wala hakuirudisha mfukoni.

— Kwani kaka, wewe ulidhani ni ya nini?

Wote walilisikia swali, na kila mmoja akatafuta pa kutazama. Mkono wa Karisa ulibaki pale pale mbele ya kaka yake, umeanza kutetemeka.